Dawa ya Jirani Haikataliwi

Kipele kilichoota pembeni mwa mdomo wa Odeta hakikuwa kitu cha kumtia mtu hofu. Kilikuwa kidogo, chekundu, cha aina ile inayokuja bila kualikwa na kuondoka bila kuaga. Mwaka mwingine wowote asingejua hata kama kipo. Lakini kiliota juma lile lile redio ya ofisi ya kijiji ilipotangaza kwamba mgambo waliokwenda vitani kumfukuza Nduli wameanza kurudishwa makwao, na Renatus, mume wake, alikuwa mmoja wao. Odeta akaazima kipande cha kioo, akajitazama, akaona kipele kimekaa pale pale ambapo macho ya mume yangetua kwanza. Akataka kiondoke kabla mwenyewe hajafika. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, kama ni kosa mke kutaka kupendeza.

Dukani hakukuwa na cha kununua. Duka la kijiji, mwaka ule wa sabini na tisa, lilikuwa na rafu nzuri za mbao, na juu ya rafu zile kulikuwa na majembe, viberiti vilivyoingia unyevu, na nyuma yake muuzaji hodari wa kupiga miayo. Sabuni ilikuwa habari ya kusimuliana. Mafuta ya kujipaka yaliondoka pamoja na askari, nayo hayakutangazwa kurudi. Kwa hiyo Odeta alimwendea mama mkwe wake, Melania, ambaye nyumba yake ilitazamana na yake mlango kwa mlango.

"Hicho dawa yake ni ndimu na majivu," Melania alisema, akiwa ameshaipasua ndimu. "Bibi yangu alitutibu hivyo, na sote tuliolewa."

Odeta akasogeza uso. Ndimu ilimuuma hata machozi yakamtoka, na Melania akaridhika.

"Ikiuma inafanya kazi," alisema. Kwa imani ya Melania, dawa isiyouma ilikuwa chakula.

Asubuhi yake kipele kilikuwa kimepasuka, na ngozi iliyokizunguka imekauka na kubabuka. Hapo ndipo majirani walipoanza kuona.

Kuona kulikuwa rahisi. Zamani, kabla ya Operesheni, kila familia ya Ngara ilikaa ndani ya migomba yake, na mtu angeweza kuugua na kupona bila jirani kusikia hata kikohozi. Walipohamishiwa kijijini, nyumba zilipangwa kwa kamba, mstari kwa mstari, kama wanafunzi asubuhi. Watu wa vilima mbalimbali, wasiojuana babu wala bibi, wakajikuta wanachota maji kisima kimoja na kushukiana kimya kimya. Hawakushukiana wizi, maana hakukuwa na cha kuiba. Walishukiana sumu. Ili waweze kuishi, wakajitungia adabu zao, na mojawapo ilikuwa hii: dawa aliyoileta jirani kwa miguu yake haikataliwi, na inapakwa mbele ya macho yake. Kuikataa ni kusema unamwogopa. Kusema "nitapaka baadaye" ni kusema hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini.

Wenyeji waliishika adabu hiyo kadiri walivyoweza. Odeta aliishika kuliko wote, kwa kuwa yeye hakuwa mwenyeji. Alivuka mto kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, msichana mwenye furushi moja, na ingawa Kirundi chake na Kihangaza cha pale ni lugha za tumbo moja, yalikuwapo maneno machache ambayo kila alipoyatamka watu walitazamana. Miaka ilipita, akaolewa, akazaa binti, Felisita, akalima shamba la pamoja kama wengine. Bado walimwita yule Mrundi wa mzee Matiasi, baba mkwe wake.

*

Wa pili kumtibu alikuwa Marsiana, jirani wa ubavuni, mwanamke mkarimu na mwenye masikio marefu. Alikuja akiwa na tumbaku shavuni.

"Mwenzangu, nani alikudanganya na ndimu?" aliuliza. "Ndimu inachoma tu. Hapo panataka tumbaku."

Akaitema kiganjani, imelowa na ina joto la kinywa, akanyoosha mkono. Odeta aliitazama ikidondosha mate. Alitaka kusema kwamba mama ameshampaka, kwamba inatosha, kwamba angengoja kwanza. Marsiana alikuwa anamwangalia, bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kupoa.

"Ahsante, dada," Odeta alisema, akasogeza uso.

Baada ya Marsiana alikuja balozi wa nyumba kumi, Novatus, na chupa ya soda iliyozibwa kwa karatasi. Novatus alikuwa mtu wa kutembea haraka hata asipokuwa na pa kwenda. Aliangalia nyuma kabla ya kuingia.

"Mama Felisita, hii usimwambie mtu," alisema. "Mafuta ya taa siku hizi ni adimu kuliko divai ya padri. Lakini balozi ndiye anayejua afya ya nyumba zake. Paka, nione."

"Shikamoo, balozi. Nashukuru, lakini ngozi imeshachubuka."

"Marahaba. Ndiyo maana nimekuja. Yakiingia kwenye mchubuko yanaua wadudu."

Akapaka, balozi akaona, balozi akaondoka akiwa na furaha ya mtu aliyetumikia taifa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Odeta wageni walikuja kweli, tena kwa zamu, na mwenyeji akazidi kuugua. Upele mwekundu ulitoka chini ya pua, ukashuka pembeni mwa midomo, ukakutana kidevuni. Ngozi ilimkaza hata kucheka kukawa kazi. Ugali wa moto ulimuuma, upepo wa kiangazi ulimuuma, na usiku alijikuna usingizini akaamka na damu kwenye kucha. Siku moja, mbele ya foleni nzima ya kisimani, binti yake Felisita alimtazama kwa makini sana, kama mtoto anavyotazama jambo analotaka kulielewa.

"Mama," alisema, "umeota ndevu nyekundu."

Wanawake walicheka. Odeta naye alijitahidi kucheka, ngozi ikampasuka, akajifuta kwa kanga. Aliyecheka kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Marsiana.

*

Maneno yalimfikia kwa njia ya Melania, mchana mmoja wakichambua maharage.

"Watu wanasema, mwanangu."

"Wanasema nini, mama?"

"Mimi sisemi. Nasema tu kwamba wanasema." Melania alitupa punje mbovu, akatafuta nyingine. "Wanasema mdomo wa mke ambaye mume wake yuko vitani hauharibiki wenyewe. Wanasema kuna mdomo mwingine uliouharibu."

Mikono ya Odeta ilisimama juu ya ungo.

"Mama, ulianza wewe na ndimu."

"Ndimu haifanyi hivyo."

"Na tumbaku je? Na mafuta ya taa?"

"Hizo ni dawa," Melania alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Dawa haimharibu mtu. Mtu huharibika kwanza, ndipo dawa zikashindwa. Mimi nakujua, nasema hapana. Lakini Renatus akija, ukoo utaniuliza mimi. Nilikuwa hapa mlangoni kila siku. Nitawaambia nini?"

Odeta alijua vizuri mwisho wa maneno ya namna ile. Mke anayeshukiwa hapigwi wala hatukanwi katika ukoo wa watu wenye heshima zao. Anaambiwa aende kwao akapumzike kidogo, na mtoto anabaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Mwanamke mwingine angerudi kwa mama yake, akalia, akangoja kufuatwa. Kwao Odeta kulikuwa ng'ambo ya mto, na ng'ambo ya mto hakubaki mtu wa kumfungulia mlango. Akiondolewa katika nyumba ile hakuwa na nyumba nyingine duniani, na Felisita angekua akimwita mtu mwingine mama. Wazo hilo lilimkaa kifuani kama kabari, akachambua maharage hadi mwisho bila kuona anachochambua.

*

Zahanati ilikuwa kijiji cha jirani, na Odeta alifika wakati benchi limeshajaa. Mganga aliitwa Anastazi. Watu walimwita daktari, naye alichoka zamani kuwakosoa. Dawa zake nyingi zilifuata jeshi, akabaki na pamba, sindano chache na maswali.

"Umepaka nini hapo?" aliuliza. Mlango ulikuwa wazi, benchi zima likanyamaza kusikiliza.

"Kidogo tu, daktari."

"Kidogo cha nini?"

"Ndimu."

"Na?"

"Majivu. Na tumbaku." Odeta alishusha sauti. "Na mafuta ya taa."

Anastazi aliweka kalamu mezani. Alikuwa mtu mwepesi wa hasira, lakini siku hiyo hata hasira ilimwishia.

"Mafuta ya taa. Mdomoni. Nani alikupa?"

Pale mwisho wa benchi alikuwa amekaa Marsiana, aliyekuja na kikohozi chake. Odeta alimwona akiinua macho kwenye dari, akihesabu mabati.

"Nilijitafutia mwenyewe," Odeta alisema.

"Basi acha."

"Niache ipi?"

"Zote. Osha kwa maji safi, asubuhi na jioni, usikune, usipake kitu. Kipele kilishapona siku nyingi. Kinachokuumiza sasa ni dawa. Ngozi ukiiacha itarudi yenyewe."

"Na dawa ya kwenda nayo?"

"Hiyo ndiyo dawa."

Odeta aliinuka, akasimama, akashindwa kutoka. "Daktari, nikirudi mikono mitupu watasema umeshindwa kunitibu. Nipe hata kidonge cha kichwa."

"Kichwa kinakuuma?"

"Hapana."

Anastazi alifikicha macho. Alimwonea huruma, na huruma ile ilimkera, kwa sababu haikuwa na kazi. "Nenda, mama," alisema. "Mwingine."

Jioni habari zilikuwa zimeshatangulia. Hata daktari kashindwa, walisema. Kamtazama tu, kamwambia nenda.

Odeta alikaa na maji yake. Alitoka alfajiri kwenda shambani na kurudi jua likizama, wageni wakikuta mlango umefungwa. Aliyebahatika kumpata aliambiwa kwamba ameshapaka. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza katika kijiji kile, na ulimwogopesha jinsi ulivyotoka kwa urahisi. Baada ya siku kadhaa ngozi ilianza kulegea. Mwasho ulipungua. Asubuhi moja aliamka, akagusa kidevu, akakuta kweli pametulia, akabaki kitandani akimshukuru Mungu kwa jambo dogo kama lile.

*

Kisha ikaja habari kwamba lori la mgambo limetoka Biharamulo na kufika Ngara mjini. Balozi Novatus alipanda hadi mjini kuwapokea vijana kwa niaba ya kijiji. Renatus angefika nyumbani Jumamosi.

Pombe ya ndizi ilikuwa tayari. Odeta mwenyewe alizivundika ndizi shimoni, akazikamua kwa nyasi, akatia mtama uliokaangwa, na mtungi ulikuwa ukinong'ona kwenye kona tangu juzi. Kijijini pale pombe haitoki mikononi mwa aliyeipika kabla hajaionja. Anaketi karibu na mtungi, anavuta kwa mrija mbele ya watu wote, anameza, kisha anamkabidhi mkubwa wa nyumba mrija. Asipoonja, hakuna mdomo mwingine utakaoigusa, na hakuna atakayeuliza kwa nini.

Ijumaa mchana Melania alivuka njia, mkononi ana kijiti kibichi cha mnyaa alichokivunja kwenye ua. Utomvu wake mweupe ulikuwa unadondoka.

"Hiki kinakausha chunjua," alisema. "Kitakausha na hicho. Kesho utaamka safi."

"Mama, daktari alisema niache kupaka. Na pameanza kupona, tazama."

Melania alitazama. Palikuwa bado na wekundu, na magamba madogo madogo. Mtu mwenye wasiwasi haoni panapopona, anaona palipobaki.

"Daktari kesho hatakuwapo," alisema. "Nitakuwapo mimi, na wewe, na wao. Watakutazama mdomo kabla hawajautazama mtungi. Odeta, nakufanyia hivi kwa sababu nakupenda. Ningekuwa sikupendi ningekaa kwangu ningoje wakufukuze."

Lilikuwa neno la kweli, na Odeta alijua ni la kweli. Chuki angeweza kuifungia mlango. Lakini katika nchi ile yote ni mwanamke huyu peke yake aliyewahi kumwambia anampenda, tena leo, kwa mara ya kwanza, ameshika kijiti cha mnyaa.

"Fumba macho," Melania alisema. "Kikiingia machoni kinapofusha."

Odeta akafumba.

*

Jumamosi midomo yake ilikuwa imevimba na kutoa malengelenge. Melania alipomwona alijishika kichwa, akarudi kwake, na hakuonekana mpaka watu walipoanza kuketi.

Renatus aliingia na Novatus ubavuni. Alikuwa amekonda, koti la jeshi linamning'inia mabegani. Aliwasalimu wazazi wake, akamwinua Felisita, ambaye alimkataa kwa kilio, kisha akaja mbele ya mke wake. Odeta aliungoja mkutano ule kwa miezi. Alishazipanga salamu zake, na hata alipokuwa akipalilia alikuwa akizirudia.

"Habari za hapa," Renatus alisema.

"Nzuri. Karibu nyumbani."

"Mdomo una nini?"

Aliuliza kama mtu aliyekwishapewa jibu njiani. Odeta alimtazama Novatus, akamwona amegeukia migomba.

"Dawa," alisema.

Renatus alitikisa kichwa, akaenda kuketi na wanaume.

Mtungi uliletwa katikati ya uwanja. Odeta akaketi kando yake, akashika mrija. Harufu ya pombe ilimpanda, chachu kali, na hata kabla haijamgusa alisikia midomo ikimwaka. Aliona nyuso za nyumba zote kumi. Aliona Marsiana amemwinamia mwenzake sikioni. Alisita. Hakukawia, lakini kusita huko kuliwatosha.

"Haonji," mtu alinong'ona.

"Ana sababu," mwingine akasema.

Mzee Matiasi, mkwewe, hakuwa mtu wa maneno. Alikohoa kidogo. "Mwanangu, tunangoja."

"Nitaonja, baba," Odeta alisema. Sauti yake ilitoka tulivu kuliko alivyotazamia. "Lakini mume wangu ameniuliza swali, na nimemjibu kwa neno moja. Niruhusu nimjibu vizuri."

Mzee akaashiria kwa mkono.

"Mdomo huu ulikuwa na kipele kimoja. Juu yake kulipita ndimu na majivu, vya mama. Ikapita tumbaku ya Marsiana, imetoka shavuni mwake ikiwa na mate. Yakapita mafuta ya taa ya balozi. Nilipokwenda kwa daktari akaniambia niache zote, na aliponiuliza nani alinipa, nilisema nilijitafutia mwenyewe. Marsiana alikuwapo, alisikia. Haya malengelenge ni mnyaa wa jana. Sikukataa hata moja, baba. Mimi ni mtu wa kuja, na mtu wa kuja hana ruhusa ya kukataa. Sasa nasikia kwamba kwenye mdomo huu alipita mwanamume. Hakupita. Mmepita ninyi."

Akainama, akavuta. Hakuonja kama wanaoonja. Alivuta kama mwenye kiu, pombe ikamwunguza midomo na kidevu, machozi yakamwagika, naye akameza mbele yao wote. Kisha akamnyooshea mkwewe mrija.

Kule pembeni mzee mmoja aliyekuwa akifikiri polepole alifika alikokuwa akienda.

"Mafuta ya taa, Novatus?" aliuliza. "Si ulitwambia taa ya ofisi imekauka tangu Pasaka?"

Mtu alicheka, akafuatwa na wengine, na Novatus akagundua kwamba kiatu chake kinataka kufungwa. Marsiana hakucheka. Alikuwa ameinamisha uso na kuvuta kanga kichwani.

Mzee Matiasi aliushika mrija, lakini hakuuweka mdomoni. Alimgeukia mwanawe, akavunja utaratibu ambao hakuna aliyewahi kumwona akiuvunja.

"Mkeo ameonja," alisema. "Mpokee."

Renatus alimtazama baba yake, akamtazama Novatus, akamtazama mke wake, na safari hii alimtazama machoni. Odeta alimwona anafikiri, na kumwona anafikiri kulimuuma kuliko pombe. Kisha akaupokea mrija. Desturi ni kuufuta kwa kiganja. Hakuufuta. Alikunywa, akampa baba yake, na watu wakaanza kuongea juu ya vita, mvua na bei ya ng'ombe.

*

Asubuhi iliyofuata Melania alivuka njia, akasimama mlangoni. Alikuwa amelia usiku, macho yamevimba.

"Sikuja na kitu," alisema.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

Alikaa. Kila mara mkono wake uliinuka kuelekea uso wa Odeta, naye akaurudisha magotini. "Nilitaka upone," alisema mwishowe.

"Najua, mama." Odeta alimmiminia uji. Alikuwa bado ana hasira naye, na alikuwa anampenda, na hakuona haja ya kuchagua.

Melania alipoondoka, Renatus aliingia kutoka migombani. Alivua kofia, akaishika. Alikuwa amesimama kama mtu aliyefika nyumba ya watu.

"Novatus aliniambia maneno kule Ngara," alisema. "Sikuyaamini yote. Niliamini nusu."

"Nusu ipi?"

Renatus alizungusha kofia mikononi. Angeweza kudanganya, na Odeta alimheshimu kwa kutodanganya.

"Ile ya kwamba ulichoka kuningoja," alisema.

Odeta aliweka sufuria chini. Midomo ilimuuma kusema, akasema taratibu, neno moja moja.

"Renatus, ningekuwa nimechoka kukungoja, kipele kile ningekiacha kikauke chenyewe."